Vigeuzi vinne vya sauti: kinachobaki kusikika baada ya kusawazisha volti

Katika ukaguzi huu nimelinganisha vigeuzi vinne vya sauti, yaani vile vifaa vinavyopokea muziki ukiwa namba na kuutoa ukiwa umeme wa kulisha amplifaya, ambavyo wapenzi wa sauti za nyumbani wamezoea kuviita DAC. Cha kwanza ni adapta ndogo ya Apple ya USB-C yenye tundu la hedifoni. Cha pili ni Topping E30. Cha tatu ni Denafrips Ares II, ambacho hakitumii chipu ya kawaida ya kugeuzia bali ngazi ya resista. Cha nne ni RME ADI-2 DAC FS, kazi ya kampuni ya Ujerumani inayojulikana zaidi kwa vifaa vya studio. Nimevichagua kwa sababu vinafanya kazi moja kwa njia zisizofanana hata kidogo, na kwa sababu watu huzungumzia tofauti za sauti zake kana kwamba ni mbingu na ardhi.

Nilichokipata nakitanguliza. Volti zikishasawazishwa, na kila kifaa kikiwa katika hali yake ya kawaida kupitia amplifaya na spika zilezile, sikuweza kuvitambua vigeuzi hivi vinne kwa kusikiliza bila kujua ni kipi kinachocheza. Tofauti za kweli zipo, na nyingine ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu achague kifaa kimoja na kuacha kingine, lakini hazitoki kwenye jina la chipu wala kwenye uzito wa boksi. Zinatoka kwenye kichujio kinachotumika (sehemu ya kigeuzi inayokata masafa yaliyo juu ya upeo wa kusikia), kwenye nafasi iliyoachwa juu ya vilele vya muziki, kwenye ukinzani wa tundu la hedifoni, na kwenye uchafu wa umeme unaopenya kupitia waya wa USB.

Nianze na volti, kwa kuwa bila hizo mengine yote hayana maana. Mashine za kuchezea CD zilizoea kutoa volti 2 pale muziki unapofika kilele cha juu kabisa cha namba, na E30 inafuata desturi hiyo kwenye plagi zake za RCA. Adapta ya Apple hutoa takriban volti 1, yaani iko desibeli 6 chini, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. RME hupangwa katika viwango kadhaa kulingana na amplifaya iliyo mbele yake, na vigeuzi vyenye plagi za XLR kwa kawaida hutoa hapo volti 4 au zaidi. Mtu akichomoa kimoja na kuchomeka kingine bila kugusa kitufe cha sauti, halinganishi vigeuzi bali analinganisha sauti kubwa na sauti ndogo. Na ubaya wake ni kwamba tofauti ndogo ya ukubwa haisikiki kama ukubwa. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huzisikia besi vizuri zaidi kadiri sauti nzima inavyopanda. Kwa hiyo nusu desibeli ya ziada hujitokeza kama besi iliyoshiba, kama uwazi, kama mwimbaji aliyesogea hatua moja kuelekea kwa msikilizaji. Kigeuzi cha volti 2.1 kikishindanishwa na cha volti 2.0 tayari kimepewa desibeli 0.4 za bure. Cha volti 2.5 kimepewa karibu desibeli 2, na kitashinda shindano lolote la sebuleni hata kama ndani yake hakina jambo lolote la pekee.

Kusawazisha si kazi ngumu, ila inataka subira. Nilicheza mlio mmoja wa kilohezi 1, nikagusisha ncha za mita kwenye vituo vya spika nyuma ya amplifaya, kisha nikarekebisha kiwango cha kila kigeuzi mpaka mita iliposoma namba ileile. Kipimo kinachokubalika ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, ambayo kwa volti ni kama asilimia 1.2: mita ikisoma 2.000 kwa kifaa cha kwanza, cha pili kisivuke 2.023 wala kisishuke chini ya 1.977. Mita nyingi za mafundi umeme zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa hezi 50 au 60 na huanza kudanganya masafa yanapopanda, hivyo mwenye mita ya namna hiyo ni heri atumie mlio wa hezi 200 au 400. Jambo la kuangalia ni kupima kwenye spika zikiwa zimeunganishwa, si kwenye mdomo wa kigeuzi kikiwa peke yake, kwa sababu amplifaya yenyewe ni mzigo na inaweza kushusha volti za kifaa kimoja zaidi ya kingine.

Baada ya hapo nilitumia swichi ya kuchagulia vyanzo, na mwenzangu ndiye aliyeibadilisha nikiwa sioni, kwa mpangilio alioupata kwa kurusha sarafu. Kubadilisha lazima kuwe kwa haraka, kwa sababu kumbukumbu ya sikio kuhusu mambo madogo madogo hufifia ndani ya sekunde chache. Dakika tano za kuchomoa na kuchomeka nyaya zinatosha kabisa kuifuta. Na kupatia mara moja moja si ushahidi. Katika majaribio 16 ya kuchagua kati ya viwili, mtu anayebahatisha tu atapata 12 au zaidi kwa uwezekano wa chini kidogo ya asilimia 4, na ndiyo maana wapimaji wengi huchukua 12 kati ya 16 kuwa mpaka wa kuanza kumwamini msikilizaji. Nikisema hapa chini kwamba nilitambua, nina maana ya kuvuka mpaka huo.

Kwa nini vifaa vilivyojengwa kwa njia tofauti hivi vitoe sauti moja? Kwa sababu lengo lake ni moja na linaelezeka kwa hesabu. CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani vipimo vya wimbi la sauti, kila moja ikiwa na biti 16, na hilo linatoa nafasi ya takriban desibeli 98 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele za chini. Hata wakati huo kampuni hizo mbili hazikukubaliana juu ya njia. Sony walitumia kigeuzi cha biti 16 na kukifuatishia kichujio kikali cha saketi za analogi, ilhali Philips walitumia chipu ya biti 14, TDA1540, wakazidisha sampuli mara nne kabla ya kugeuza (yaani kukokotoa nyingine katikati ya zile zilizopo), na kwa hesabu hiyo wakapata ubora unaokaribia wa biti 16. Mabishano kuhusu ipi inasikika vizuri yalianza siku hizohizo na hayajakoma, lakini umbali kati ya njia hizo umepungua mno. Vigeuzi bora vya sasa vina kelele na upotoshaji ulio desibeli 115 hadi 120 chini ya muziki, na hakuna chumba cha kuishi wala rekodi ya kawaida yenye ukimya wa kina hicho.

Ushahidi ulionishawishi zaidi kuhusu majina ya chipu unatoka kwa RME yenyewe. ADI-2 DAC ilianza na AK4490 ya kampuni ya Kijapani ya Asahi Kasei, ikahamia AK4493, na baada ya moto ulioteketeza kiwanda cha chipu cha Asahi Kasei huko Nobeoka mnamo Oktoba 2020, ikahamia ES9028Q2M ya kampuni ya ESS. Watu husema chipu za Asahi Kasei ni laini na zenye joto, na za ESS ni kali na zenye kung'ara. Kama hilo lingekuwa kweli kwa kiwango kinachosemwa, kampuni inayouzia studio isingethubutu kubadilisha chipu na kubakiza jina lilelile la kifaa. Saketi zinazofuata chipu, umeme unaoilisha na kichujio kilichochaguliwa ndivyo vinavyoamua kitakachofika kwenye plagi, na mhandisi makini anaweza kufika mahali pamoja akitokea kwenye chipu yoyote kati ya hizo.

E30, ambayo nayo ina AK4493, ilikuwa rahisi kuikagua. Kwenye piano peke yake, pale mpigaji anapoachilia kanyagio polepole na nyuzi zikaendelea kufifia mpaka zinazama kwenye kimya cha ukumbi, niliweza kufuatilia mwisho wa noti sawasawa na kwenye RME. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa karibu na maikrofoni, ambayo hufichua haraka ukali wowote kwenye herufi za "s" na "sh", haikubadilika. Adapta ya Apple ilinishangaza zaidi, kwa jinsi ilivyo ndogo kuliko kidole. Ilibidi niwashushe wenzake desibeli 6 ili ilingane nao, na ilipolingana, haikutambulika. Mipaka yake inaonekana kwingine: haivuki biti 24 na kilohezi 48, na volti yake 1 ni kidogo kwa amplifaya zinazotaka msukumo mkubwa. Ukiipa hedifoni za omu 300, inaweza kutoa miliwati 3.3 tu, kiasi kinachotosha kwa usikilizaji wa utulivu lakini si kwa muziki wa okestra uliorekodiwa kwa sauti ya chini.

Ares II ndiyo iliyonichukua muda mwingi, na kwa haki. Ndani yake hakuna chipu moja inayogeuza. Kuna ngazi ya resista ambapo kila biti ya namba huwasha au kuzima swichi yake, na mikondo inayopatikana hujumlishwa kuwa volti ya wakati huo. Wazo hili ni la kale na linaeleweka kwa urahisi, lakini linadai usahihi wa kutisha. Resista ya biti kubwa kuliko zote katika namba ya biti 16 inapaswa kuwa sahihi kwa kiasi cha sehemu moja kati ya 65,536, yaani asilimia 0.0015. Resista yenye kosa la asilimia 0.01, ambayo kwa fundi yeyote ni resista safi sana, ikiachwa peke yake inafikia usahihi wa biti 13 na kidogo. Ubaya mwingine ni kwamba katika ngazi ya kawaida biti kubwa hubadilika kila wimbi linapopita kwenye sifuri, kwa hiyo kosa lake huzidhuru zaidi sauti ndogo kuliko kubwa. Philips waliijua shida hii vizuri, wakawa wanachagua chipu zao bora za TDA1541A na kuzipiga chapa ya taji. Watengenezaji wa siku hizi huikabili kwa kupanga resista nyingi sambamba, au kwa kutumia ngazi mbili, moja ya upande chanya wa wimbi na nyingine ya upande hasi, ili karibu na sifuri biti ndogo tu ndizo zifanye kazi.

Ares II ina hali mbili. Katika hali ya kwanza huzidisha sampuli kabla ya kuzigeuza, kama vigeuzi vingi vifanyavyo, na hapo sikuitofautisha na RME. Katika hali ya pili haizidishi chochote: kila sampuli hutolewa kama ilivyo na kushikiliwa mpaka inayofuata ifike, kwa hiyo wimbi hutoka likiwa na vidato. Hapo nilitambua, na sikuhitaji kukaza masikio. Matoazi yaliyoguswa kwa brashi yalilainika, fidla ilipoteza ule mng'ao wa upinde unaokwaruza uzi, na muziki mzima ukakaa kitako, ukawa na utulivu unaowafanya wengi waseme kwamba unafanana na analogi. Kwenye rekodi za miaka ya mwanzo ya CD, ambazo nyingi zina ukali juu, hali hii ilipendeza kweli, na simlaumu mtu anayeiacha hivyo mwaka mzima.

Lakini sababu yake si siri. Kushikilia sampuli mpaka inayofuata hupunguza masafa ya juu kwa kiasi kinachojulikana: kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, upungufu ni desibeli 0.75 kwenye kilohezi 10 na desibeli 3.2 kwenye kilohezi 20. Hiyo ndiyo sauti laini. Ili kuhakikisha, nilitumia visawazisho vya masafa vilivyomo ndani ya RME, yaani vidhibiti vya kupandisha au kushusha sehemu moja ya masafa, nikapunguza sehemu ya juu kwa mteremko unaokaribiana na huo, kisha nikaishindanisha tena na Ares II iliyo katika hali yake ya vidato. Utambuzi wangu uliporomoka palepale. Kilichobaki, kama kipo, kilikuwa kidogo kiasi kwamba sikuweza kukisimamia. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mvuto wa vigeuzi visivyozidisha sampuli ni mteremko wa masafa ya juu ambao mtu anaweza kuupata, kuuzidisha au kuuondoa kwa kifaa chochote chenye visawazisho.

Kuna jambo jingine katika hali hiyo ambalo mnunuzi anapaswa kulifikiria. Wimbi la vidato hubeba vivuli vya muziki juu ya upeo wa kusikia: mlio wa kilohezi 15 huacha kivuli kwenye kilohezi 29.1, na wa kilohezi 20 huacha kivuli kwenye kilohezi 24.1, tena chenye nguvu karibu sawa na mlio wenyewe. Masikio hayavisikii, lakini amplifaya navyo huipitia, na amplifaya isiyotulia kwenye masafa hayo inaweza kuvichanganya na kushusha mabaki yake hadi mahali panaposikika. Amplifaya niliyotumia haikuonyesha dalili hiyo. Mwenye amplifaya ya valvu au yenye masafa mapana sana ana sababu ya kujaribu kabla ya kuamua.

Vichujio vya vigeuzi vya kawaida sitavizungumzia sana. E30 na RME zote zinakupa orodha ya kuchagua: kikali, cha polepole, kisicho na mwangwi wa kutangulia, na kadhalika. Mwangwi huo wa kutangulia, yaani mtikisiko mdogo unaotokea kabla ya mlio wenyewe na unaochorwa kwa kutisha kwenye grafu, hutokea kwenye kilohezi 22.05, mahali ambapo hakuna mtu mzima anayesikia. Vile vya polepole sana, ambavyo hushusha masafa ya juu mapema, niliweza kuvitambua kwa namna ileile niliyotambua hali ya vidato ya Ares II. Vingine sikuvitambua, nikaviacha kwenye chaguo la kiwandani.

Jambo ambalo nadhani linastahili nafasi kubwa kuliko lipewayo ni vilele vinavyojificha kati ya sampuli. Rekodi za leo husukumwa juu mpaka sampuli zinagusa namba ya mwisho kabisa. Lakini wimbi la kweli halipiti kwenye sampuli tu. Hupita pia katikati yake, na huko linaweza kupanda zaidi. Mfano ulio wazi ni mlio wa kilohezi 11.025 katika rekodi ya CD, ukiwa umekaa kiasi kwamba sampuli zote zinaangukia pembeni mwa kilele: kila sampuli inasoma namba ya juu kabisa, na wimbi lenyewe liko desibeli 3 juu yake. Kigeuzi kinachozidisha sampuli lazima kikokotoe kilele hicho, na kama hakikuachiwa nafasi, hukikata. Kinachosikika ni ukavu na ukali kwenye ngoma na kwaya katika rekodi zilizobanwa sana, ukali ambao msikilizaji huulaumu umri wa spika au ubaya wa faili. Benchmark wa Marekani walilichukulia jambo hili kwa uzito katika DAC2 na DAC3 zao, wakaacha nafasi ya desibeli 3.5. Kwa vigeuzi vingine dawa ni rahisi: punguza sauti kwa desibeli 3 ndani ya programu ya kuchezea, kabla namba hazijafika kwenye kigeuzi, kisha uongeze kwenye amplifaya. Programu ikitoa biti 24, kupunguza huko hakupotezi kitu chochote kinachosikika. Nilifanya hivyo kwenye rekodi moja iliyobanwa kupita kiasi, nikitumia kigeuzi kingine cha zamani nilicho nacho, na ukali uliokuwa juu ya makofi na matoazi ukapungua dhahiri. Nikirudisha kiwango juu, unarudi. Katika zoezi zima la ulinganisho, hii ilikuwa tofauti ya pili kwa ukubwa baada ya ile ya hali ya vidato, na wala haikuhitaji kubadilisha kifaa.

Anayesikiliza kwa hedifoni ana hesabu nyingine ya kupiga. E30 na Ares II hazina tundu la hedifoni. Apple na RME zinalo. Hapa ukinzani wa tundu una neno. Hedifoni ndogo za kuingiza masikioni zenye viendeshi kadhaa mara nyingi hubadilika ukinzani kulingana na masafa, tuseme kutoka omu 30 mahali fulani hadi omu 5 mahali pengine. Zikichomekwa kwenye tundu lenye omu 10, kama yalivyo matundu mengi ya vifaa vya mezani, sehemu ya masafa hushuka desibeli 7 kuliko nyingine, na sauti inayofika masikioni si ile aliyoikusudia mtengenezaji wa hedifoni. Tundu likiwa na omu 1, tofauti hupungua hadi desibeli 1.3. RME ina tundu la pekee kwa hedifoni za aina hiyo, lenye kelele ndogo mno na ukinzani wa takriban omu 0.1, na ukimya wake ni wa kupigiwa mfano: hedifoni nyepesi zinazovuma kwenye vifaa vingine zilikaa kimya kabisa mpaka muziki ulipoanza. Kwa mtu mwenye hedifoni za namna hiyo, tundu hilo peke yake ni sababu ya kuitafuta RME.

Nyaya za USB nazo zina lao. Kigeuzi kimoja nilichowahi kukitumia, ambacho si miongoni mwa hivi vinne, kilikuwa kikinong'ona kila nilipovuta kipanya kwenye kompyuta: mlio mwembamba wa kukwaruza, uliobadilika kadiri picha kwenye kioo ilivyobadilika. Kigeuzi chenyewe hakikuwa kibovu. Kompyuta na amplifaya zote zilikuwa zimeunganishwa na ardhi ya umeme wa nyumba, waya wa USB ukafunga mzunguko kati yake, na uchafu wa kompyuta ukapita humo hadi kwenye spika. Waya wa mwanga uliondoa tatizo lote kwa mara moja, kwa kuwa haupitishi umeme. E30, Ares II na RME zote zina tundu la waya wa mwanga. Adapta ya Apple haina, ila ikichomekwa kwenye simu inayotumia betri yake, mzunguko huo haupo. Ningemshauri yeyote anayesikia mvumo au mkwaruzo ajaribu waya wa mwanga kabla ya kununua vichujio vya USB.

Kuhusu kuyumba kwa saa inayopanga sampuli, ambako matangazo hukushikia bango, vigeuzi vya sasa vya USB huongoza mwendo wa data kwa saa yao vyenyewe badala ya kufuata ya kompyuta, na suala limekwisha kwa kadiri ya masikio. Kuhusu faili za biti 24 na kilohezi 96 au 192, utafiti unaojulikana zaidi ni ule wa Brad Meyer na David Moran uliochapishwa mwaka 2007, ambapo wasikilizaji walipewa muziki wa ubora wa juu, mara ukiwa mzima, mara ukiwa umepitishwa kwenye kigeuzi cha ubora wa CD. Walipatia mara 276 kati ya 554, sawasawa na kurusha sarafu. Kwa hiyo ukomo wa kilohezi 48 wa adapta ya Apple haukunisumbua.

Kwenye matumizi ya kila siku, mambo yaliyonipa raha au kero hayakuwa ya sauti. E30 huja na rimoti na inaweza kudhibiti sauti yenyewe, kwa hiyo inatosha mbele ya amplifaya isiyo na kitufe. Ares II ni nzito, imejengwa kwa heshima, lakini haina kidhibiti cha sauti wala kioo. Vitaa vidogo tu ndivyo vinavyokueleza hali iliyopo, na kuvisoma ukiwa umekaa mbali ni kazi. RME inataka usome kitabu chake cha maelekezo, tena si mara moja, kwa sababu vitufe ni vichache na kazi zake ni nyingi.

Mwenye spika nzuri, amplifaya nzuri na chumba kisicho na shida, atosheke na E30 na fedha iliyobaki aipeleke kwenye muziki. Anayependa ile hali ya vidato na asiyetaka kuhangaika na visawazisho, Ares II itampa kwa kubonyeza kitufe kimoja, na kwa kubonyeza tena ataiondoa. Anayetaka kuanza leo na simu yake, adapta ya Apple haimpunguzii kitu hadi atakapohitaji volti zaidi. Mimi nimebaki na RME, na sababu ni visawazisho vyake vitano vya masafa pamoja na lile tundu la hedifoni ndogo. Chumba changu kina uvimbe wa besi karibu na hezi 45. Nilipoushusha desibeli 6 kwa kisawazisho kimoja, gitaa la besi ambalo kwenye vigeuzi vyote vinne lilikuwa likivuma noti moja lilianza kusikika noti kwa noti, na badiliko hilo mwenzangu alilitambua kutoka chumba cha pili.